Kano Hujengwa kwa Kupanda

Vugiri, huku kwetu kwenye milima ya Usambara, haina tambarare ya kujivunia. Ukitoka mlangoni, ama unapanda ama unashuka. Kwenda kuchota maji ni mteremko, kurudi na ndoo kichwani ni mlima. Mgeni kutoka upande wa Handeni, aliyezoea nchi iliyolala, akipandishwa huku kutoka Korogwe mjini hushika kiuno kabla jua halijazama, akasema watu wa milimani wanateseka. Siku hizi hata sisi wenyewe tumeanza kukubaliana naye. Kijana mwenye nguvu zake husimama njiani akisubiri bodaboda impandishe pale ambapo bibi yake alipanda na mzigo wa kuni. Mama akifikisha miaka 50, wanawe humwambia akae chini, asipande tena, magoti yatakwisha. Mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu huona aibu mbele ya mwenzake anayeletwa na pikipiki.

Mawazo hayo nayakataa yote matatu, na nayakataa kwa sauti kubwa. Mlima huu ni mali. Mguu unaoupanda kila siku unajengeka kwa namna ambayo watu wa miji mikubwa wanaitafuta kwa fedha na hawaipati yote. Lakini mlima una masharti yake. Humjenga anayeuzoea kidogo kidogo, humwumiza anayeukurupukia, na humdhoofisha anayeukimbia. Ukielewa jinsi kano na viungo vyako vinavyofanya kazi, utaelewa kwa nini nasema hivyo, na hutakuwa na kisingizio cha kukaa.

Kilichofichwa juu ya kisigino

Shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Kile kitu kigumu kilichokazana, ambacho mitaani tunakiita mshipa tu, ndicho kano ya kisigino. Ina urefu wa sentimita 15 hivi, na katika mwili mzima hakuna kano nene na imara kuizidi. Juu imeshikana na misuli ya shavu la mguu, chini imeshikana na mfupa wa kisigino. Imejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa sambamba kufuata upande nguvu inakovuta.

Kazi yake ya kwanza ni kufikisha nguvu ya msuli kwenye mfupa. Msuli ukijikaza, kano huvuta kisigino, nawe unainuka. Kazi ya pili wengi hawaijui. Unapokimbia, mguu ukikanyaga chini kano hunyooka kidogo na kuweka nishati ndani yake. Mguu ukiondoka, hujirudi na kukurushia nishati ile, kama mpira wa manati unavyofanya ukiachiwa. Mwaka 1987 mwanasayansi wa Uingereza, R. McNeill Alexander, na wenzake walipima jambo hili. Kwa mtu wa kilo 70 anayekimbia, kano ya kisigino huweka takriban jouli 35 katika kila hatua, na upinde wa unyayo, ule uwazi ulio chini ya mguu kati ya kisigino na vidole, huweka jouli 17 nyingine. Ukijumlisha, ni karibu nusu ya nishati ambayo mwili huipoteza na kuirudisha katika kila hatua. Nusu hiyo msuli hauigharamii. Hukuinunua dukani wala hukuikopa popote, umezaliwa nayo.

Mtafiti Paavo Komi wa Finland alikwenda mbali zaidi. Alipachika kipimo kwenye kano yenyewe ya mtu anayekimbia, akakuta nguvu inayopita humo inaweza kufika mara 12 ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 anapokimbia kwa kasi, kano yake moja huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 700. Fikiria hilo kabla hujasema tena kwamba miguu yako ni dhaifu.

Majirani zetu wa juu ya miti

Misitu ya Usambara ina walimu. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, huruka kutoka tawi hadi tawi. Ukimwona mkono kwa karibu utashangaa: kidole gumba karibu hakipo. Vidole vinne vilivyobaki hunasa tawi na kuliachia bila kizuizi, na maisha yake yote juu ya mti yanahitaji hicho tu. Usiku hutoka komba. Komba wadogo wamepimwa wakiruka juu zaidi ya mita 2 kutoka walipochutama, kimo cha mlango wa nyumba. Msuli peke yake haungeweza kutoa nguvu ile katika muda mfupi vile. Komba hujikunyata kwanza, misuli ya paja ikazivuta kano, kisha nishati iliyowekwa humo huachiliwa yote kwa mara moja.

Magharibi mwa nchi yetu, kando ya Ziwa Tanganyika, wako sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia mwaka 1960, na wa Mahale, ambao Toshisada Nishida alianza kuwafuatilia mwaka 1965. Katika jamii nzima ya wanyama hakuna walio karibu nasi kuliko sokwe hawa na bonobo wa Kongo. Hata hivyo kano ya kisigino ya sokwe ni fupi mno; nyama ya msuli wake hushuka karibu hadi kisiginoni. Unyayo wake ni laini, unakunjika katikati, na kidole gumba cha mguu kimekaa pembeni ili kikamate tawi. Kwa kupanda mti, hakuna kilicho bora zaidi. Akitembea chini, analipa gharama. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipima hewa inayotumiwa na sokwe na binadamu wakitembea kwenye mashine, wakakuta kwamba mwendo wa binadamu hutumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 75 kuliko ule wa sokwe.

Mkono nao una habari yake. Binadamu ana msuli wa pekee unaokunja ncha ya kidole gumba, wenye kano yake ndefu inayopita kwenye kiganja. Kwa sokwe kano hiyo ni nyembamba sana au haipo. Mama anayechuma chai Ambangulu au Dindira, anapobana majani mawili na kichipukizi kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha akayakata bila kuyaponda, anafanya kazi ambayo sokwe mwenye nguvu kumshinda hawezi kuifanya kwa ustadi huo. Asiitwe kibarua wa mikono tu. Mikono hiyo ni ya fundi.

Nyayo za ardhi hii hii

Wapi binadamu alipata mguu huu? Jibu kubwa limehifadhiwa Tanzania. Mwaka 1978, huko Laetoli karibu na Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Njia yenyewe ina urefu wa takriban mita 27. Walioikanyaga walikuwa wafupi na ubongo wao ulikuwa mdogo, lakini walitembea wima kwa miguu miwili, kisigino kikitangulia, kidole gumba kikiwa kimejipanga karibu na wenzake. Mwaka 2016 timu iliyomhusisha mwanaakiolojia wetu Fidelis Masao ilitangaza nyayo nyingine, mita 150 hivi kutoka zile za kwanza. Na Olduvai, mwaka 1960, ilipatikana mifupa ya mguu wenye umri wa karibu miaka milioni 1.8, wenye dalili za ule upinde wa unyayo uliopimwa na Alexander.

Kwa hiyo mtoto wa Kitanzania asidhani kutembea ni alama ya umaskini. Kabla ya moto, kabla ya jembe, kabla ya gumba la fundi, wazee wa binadamu walitembea katika nchi hii. Hata masimulizi ya Wasambaa yanaanza na mtu wa miguu: Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akapita Kilindi, akapanda milima hii mpaka Vugha, na kizazi chake kikatawala Usambara. Hakuna aliyempandisha.

Mwili humfuata anayeutumia

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yangu. Kano na misuli haviko kama vyuma vilivyotengenezwa kiwandani, ambavyo kila ukivitumia vinalika. Ni vitu hai. Hupokea habari ya kazi unayovipa na kujibadilisha kulingana nayo.

Ushahidi uko kwa majirani. Nchini Uganda, wanaume wa Kitwa wamezoea kupanda miti mirefu kutafuta asali. Wanapopanda, hutembea juu ya shina, kifundo cha mguu kikikunjika zaidi ya nyuzi 45, kiasi kile kile cha sokwe. Mtu wa kawaida wa mjini akilazimisha kifundo chake kufika hapo ataumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha na jirani zao Wakiga, ambao ni wakulima na hawapandi miti. Nyuzi za misuli ya shavu la mguu za Watwa zilikuwa ndefu zaidi. Tofauti ilikuwa katika misuli, na watafiti waliihusisha na kupanda tangu utotoni.

Huku kwetu, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wamepimwa kwa vifaa vinavyovaliwa mwilini. Kwa wastani hufanya kazi ya kutoa jasho zaidi ya saa 2 kwa siku. Wakipumzika, na hupumzika karibu saa 10 kwa siku, mara nyingi huchutama au hupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo hata katika mapumziko. Kiti cha plastiki hakijawafundisha kulegea.

Na mama anayebeba mzigo kichwani? Watafiti waliofanya kazi na wanawake wa Kenya, Wajaluo na Wakikuyu, walichapisha mwaka 1986 na tena mwaka 1995 jambo la kushangaza. Wanawake waliozoea waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile wanayotumia wakitembea mikono mitupu. Mwanamke wa kilo 60 hubeba kilo 12 hivyo. Siri ilikuwa katika mwendo: waliozoea walijua vizuri zaidi kutumia mwinuko na mshuko wa mwili katika kila hatua kusukuma hatua inayofuata, kuliko wasiozoea. Hawakufundishwa na kocha. Walifundishwa na miaka ya kazi. Nasema pia, bila kuficha, kwamba shingo na uti wa mgongo vina kikomo, na mzigo wa kuni unaomzidi mama nguvu si sifa kwa mtu yeyote. Ninachosifu ni mwili uliofunzwa. Kumbebesha mtu mmoja kazi ya watu watatu sikusifu.

Subira ya majuma 12

Kama kano hujijenga, kwa nini vijana wengi huumia wakianza mazoezi? Kwa sababu msuli na kano havikui kwa mwendo mmoja. Msuli una damu nyingi. Majuma machache tu, unauona umejaa na unajisikia una nguvu. Kano ina damu kidogo, na hujijenga polepole, kwa miezi. Kijana anayeanza kukimbia Januari, ikifika Februari msuli unamwambia anaweza kilometa 20, kumbe kano iko tayari kwa 8. Anakimbia 20. Machi yuko kitandani, anaapa hatarudi tena. Haraka haraka haina baraka, na hakuna mahali methali hiyo ina ukweli wa kisayansi kuliko kwenye kisigino.

Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, alichukua wanamichezo 15 ambao kano zao za kisigino zilikuwa zinauma kwa muda mrefu. Aliwapa kazi ndogo. Simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, inuka, kisha teremsha kisigino polepole kwa mguu unaouma. Mara 15, kwa mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka. Kisha mizunguko mitatu mingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, kwa majuma 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Dawa yao ilikuwa ngazi na subira.

Kwa watoto, habari ni nzito zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia alama ya kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 kupima umri wa tishu za kano ya kisigino. Waligundua kwamba kiini cha kano hujengwa wakati wa kukua, na baada ya miaka 17 hivi karibu hakifanywi upya. Kiini utakachotembelea ukiwa na miaka 70 ni kile ulichojijengea ukiwa mtoto. Samaki mkunje angali mbichi! Mtoto wa Vugiri anayepanda na kushuka, anayeruka kamba, anayecheza mpira na mdako, anajiwekea akiba ambayo hakuna benki itakayompa baadaye.

Je, mzee amechelewa? Hata kidogo. Mwaka 2003 watafiti waliwapa mazoezi ya nguvu wazee wa miaka ya sabini kwa majuma 14, wakapima kano ya chini ya goti kabla na baada. Uimara wake uliongezeka kwa asilimia 65. Babu, bibi, kano zenu bado zinajifunza. Zinasubiri kazi tu.

Kushuka ndio ngoma

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Wahenga waliliona hilo kabla ya vipimo. Huko Berlin, madaktari waliweka magoti bandia yenye vihisishi ndani ya wagonjwa wao, kisha wakasoma nguvu inayopita gotini wakitembea. Katika vipimo walivyochapisha mwaka 2010, kutembea kwenye tambarare kulipitisha nguvu ya takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi mara 3.2, na kushuka mara 3.5. Mtu wa kilo 60 akishuka, goti moja hupokea nguvu inayolingana na uzito wa kilo 210.

Usiogope tarakimu hiyo. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, laini na lenye utelezi unaoshinda barafu juu ya barafu. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa kiungo: ukikanyaga, gegedu hukamuliwa, ukiinua mguu, hunyonya ute tena. Goti lisilotembea ni goti lenye njaa. Ndiyo maana kumkalisha mama wa miaka 50 ili "kutunza magoti" ni kuyanyima chakula magoti yale yale.

Mwaka 2017 watafiti Ian Wallace na Daniel Lieberman walichapisha uchunguzi wa mifupa ya zaidi ya watu 2,000 wa Marekani wa nyakati mbalimbali. Ugonjwa wa kuchakaa kwa goti umekuwa mara mbili ya ulivyokuwa kabla ya katikati ya karne ya 20, hata baada ya kuzingatia kwamba watu wa leo wanaishi zaidi na ni wanene zaidi. Watu wa zamani walitembea zaidi na kubeba zaidi, na bado magoti yao yalichakaa kwa kiasi kidogo. Mwendo peke yake haukuwa adui wao.

Kinachotakiwa ni kujua kushuka. Fupisha hatua. Kunja goti kidogo, usikanyage mguu ukiwa umenyooka kama unagonga ardhi. Tumia fimbo, si ya wazee peke yao. Mzigo mzito ugawe uende mara mbili. Na mvua ikinyesha, udongo mwekundu ukiteleza, mwenda pole hajikwai.

Aliyeanguka akafika

Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya mbio za marathoni za Olimpiki. Goti lilijeruhiwa vibaya, na kiungo kiliteguka. Wengi waliokuwa wazima zaidi yake walijitoa. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda, watu wakaanza kuondoka uwanjani, na Akhwari akaingia zaidi ya saa moja baadaye, gizani, goti likiwa limefungwa bandeji, akachechemea hadi mstari wa mwisho. Aliona nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze tu.

Ulimwengu unaishia hapo katika habari yake. Mimi nataka tuendelee. Akhwari alirudi nyumbani, akapona, akajijenga upya, na mwaka 1970 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh alimaliza marathoni akiwa wa 5. Goti lililoteguka lilirudi kazini. Hilo ndilo somo la mtu wa kawaida: jeraha lilipewa muda wake, kisha goti likapewa kazi yake.

Na Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu mwingine wa marathoni? Mwaka 2016 alikuwa wa 5 katika Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alipata shaba ya dunia London. Kisha miaka ikapita, na Septemba 2025 mjini Tokyo akashinda dhahabu ya marathoni ya dunia kwa tofauti ya sehemu 3 za mia ya sekunde. Miaka minane kati ya shaba na dhahabu! Kano haijui njia ya mkato, na bingwa wa dunia hakuitafuta.

Sasa ni zamu yako

Kijana wa Vugiri, acha bodaboda kwa mgonjwa, mjamzito, mlemavu na mzigo mzito. Safari yako ya kawaida ipande kwa miguu. Ukitaka kukimbia, anza kwa umbali unaouonea aibu kwa udogo wake, ongeza kidogo kila juma, na usiongeze kasi na umbali kwa pamoja.

Mama mchuma chai, badilisha bega la kapu, nyoosha viganja na vidole kila unapomaliza mstari, na ukifika nyumbani chutama kidogo badala ya kukimbilia kiti. Baba na mwana, ndoo na kuni si za mama peke yake. Chukueni sehemu yenu, maana kano zenu nazo zinahitaji kazi.

Babu na bibi, shikeni ukuta, inukeni kwa vidole, teremsheni visigino polepole. Siku ya kwanza mara 5 zinatosha. Kaeni kwenye kiti na kusimama bila kujishikiza kwa mikono, mara chache asubuhi, mara chache jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwalimu, usiwanyime watoto kipindi cha michezo ili wamalize zoezi la hesabu. Zoezi la hesabu litasubiri kesho. Kiini cha kano hakisubiri baada ya miaka 17. Na viongozi wa kijiji, vidaraja imara, ngazi za mawe penye mteremko mkali na mahali pa kushika mkono njiani ni huduma ya afya sawasawa na dawa.

Uchovu wa kawaida na maumivu madogo yanayoisha kesho yake yasikutishe. Lakini ukisikia mlio wa ghafla kisiginoni ukashindwa kusimama kwa vidole, goti likivimba na kupata joto pamoja na homa, au likikwama lisinyooke, usijifariji kwa kuchua mafuta. Nenda hospitali: Magunga pale Korogwe, Bombo mjini Tanga, na wakikupa rufaa, Taasisi ya Mifupa MOI Muhimbili. Kufika mapema hospitalini ni sehemu ya ujasiri.

Ndugu zangu, mguu ulioanza safari kwenye majivu ya Laetoli haukufanywa kwa ajili ya kukaa kando ya njia kungoja kupakiwa. Umefanywa upande, ushuke, ubebe, urudi, na kesho uwe imara kuliko leo. Anza kesho asubuhi, anza kidogo, na usiache kabla ya majuma 12 kwisha.